Pasionekane Mtu

Studio ya Picha Zipora,
Majengo,
Dodoma.

Alhamisi, Septemba 18, 2025.

Mpendwa mwanangu Bartolomayo,

Marahaba. Naitikia kabla hujanisalimia kwa sababu nakufahamu. Ukiona mwandiko wangu utaruka hadi katikati ya barua kutafuta shangazi anataka nini, na shikamoo utaisahau. Rudi mwanzo usome kwa utaratibu. Mimi sijambo, namshukuru Mungu, ila goti la kushoto linanisumbua nikisimama muda mrefu, na kazi yangu kama ujuavyo ni ya kusimama. Wewe hujambo? Gladness hajambo? Mtoto ameacha kukohoa? Usinijibu "tuko poa" kama unavyonijibu kwenye simu. Nataka kujua kama anakula.

Utajiuliza kwa nini nimeandika barua wakati simu ninayo. Simu ninayo na chaji ninayo, lakini siiamini. Ukisema neno kwenye lile kundi la familia, kabla hujaweka simu chini limeshafika Mpwapwa na limetiwa chumvi. Tena humu kuna jambo ambalo nataka ulisome ukiwa umekaa, peke yako, si ukiwa kwenye foleni ya Arusha na mguu mmoja uko kwenye breki. Nikimaliza nitaigundisha bahasha kwa gundi ya mbao na kutia sahihi yangu juu ya mdomo wake, kisha nitaipeleka stendi iende na basi. Ukikuta sahihi imekatika, mwulize vizuri kijana wa mizigo wa huko. Wa huku huwa anazipapasa bahasha za watu kama daktari.

Habari za huku ni nzuri kiasi. Kiangazi kimekaza, upepo unapiga kuanzia asubuhi na vumbi linaingia hadi kwenye sukari. Zabibu za Hombolo za msimu huu ni tamu lakini chache. Kanisani tumenunua spika mpya, na aliyetumwa kuzinunua ndiye aliyechagua duka, na duka ni la shemeji yake. Mimi nimenyamaza. Anna wa kwaya ameozesha binti yake, pilau lilitosha watu wote, jambo ambalo kwa familia ile lilinishangaza.

Baba yako anaendelea vizuri. Amekandika upya ukuta wa nyuma wa nyumba kwa mikono yake, hakutaka msaada wa mtu. Mbuzi wamezaa. Uwele wa mwaka huu aliupata, ghala halijai lakini halitii aibu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Mwezi wa nane alikuja hapa studio kijana mmoja anaitwa Mudrick. Kijana mstaarabu, anaongea polepole, na viatu vyake vilikuwa vinang'aa. Hapo hapo nikamtilia shaka. Majengo hii, kiangazi hiki, mwenye viatu visivyo na vumbi ni mtu aliyesimama nje ya mlango akavifuta. Na kwa nini mtu avifute viatu ili aingie kwenye studio ya picha za paspoti?

Akasema yeye ni mpiga picha, anapiga nyeusi na nyeupe tu, tena kwa kamera ya mkanda. Anapiga nchi kavu: mawe, mchanga, makorongo, mawingu. Picha zake zinakuzwa na kutundikwa ukutani mahali wanapofikia wageni. Alikuwa anatafuta mtu wa kumsafishia mkanda na kumtolea picha kwa mkono, kwenye karatasi yenyewe ya zamani. Nikamwambia mambo hayo yalishakufa, watu siku hizi wanapiga kwa simu. Akatabasamu, akageuza shingo moja kwa moja akalitazama lile pazia jeusi nyuma ya kabati.

Bartolomayo, chumba cha giza hakina kibao. Wateja wangu wanadhani nyuma ya pazia lile kuna choo. Anayejua mle kuna nini ni mimi, marehemu mume wangu, na wewe uliyekuwa ukikaa mle ukiwa mdogo, ukitazama sura za watu zikitokea kwenye beseni. Nikamwuliza nani kakuelekeza hapa. Akasema, "Watu tu, mama." Watu tu! Toka lini watu tu wakajua yaliyo nyuma ya pazia langu?

Hata hivyo nilikubali, na sitakuficha kwamba nilikubali kwa furaha. Tangu mume wangu afariki sijakoroga dawa kwa ajili ya picha yenye maana. Mudrick alikuja na dawa na karatasi kutoka Dar es Salaam, na tulipowasha ile taa nyekundu na harufu ya dawa ikapanda, nililia kidogo. Nilimwambia ni dawa inanichoma macho.

Tukaanza kutafuta mahali pa kupiga. Nilimpeleka kwanza kwenye miamba ya barabara ya Kondoa. Akaitazama, akasema ni mizuri lakini nguzo za umeme zinapita. Mibuyu hakuitaka kabisa, alisema imepigwa picha hadi imechoka. Kisha akiwa anakunywa chai hapa kwangu akasema amesikia kuna mahali ng'ambo ya bwawa la Hombolo, ardhi inakwenda hadi inakutana na mbingu bila kuzuiwa na kitu. Akaanza kueleza njia: unapita chuo, unaacha mashamba ya zabibu mkono wa kushoto, unavuka korongo la mchanga, unapandisha. Nikaweka kikombe chini. Mgeni huyu alikuwa ananielekeza nyumbani kwetu.

Nilimwambia tu kwamba napajua, nitampeleka.

Tulipofika, baba yako alitoka kutupokea. Mudrick akainama kidogo, akasema "Mbukwenyi", na akaisema sawasawa kabisa, si kama wageni wanavyoivunja. Kijana ambaye kwao ni Tanga! Baba yako alifurahi hadi akamchinjia jogoo. Mimi nilikula jogoo yule huku nawaza nani amekaa na kijana huyu akamfundisha salamu ya Kigogo.

Nisimwonee, kazi anaijua. Ana kipande cha boksi amekikata dirisha katikati. Anafumba jicho moja, anakiweka mbele ya uso na kutembea nacho polepole, anainama, anachutama, anarudi nyuma hatua moja, anatikisa kichwa. Akipata pembe anayoitaka anaweka jiwe dogo pale atakaposimamisha kamera, kisha anaondoka hadi jioni. Mchana wa huku haufai, alinieleza, mwanga unatoka juu na kubandika kila kitu chini. Lazima jua liinamie upande mmoja, kila jiwe lipate kivuli chake na mchanga uonyeshe mikunjo. Nilikuwa nimepiga picha maisha yangu yote, lakini watu kwenye kiti, mbele ya kitambaa cha bluu. Kusubiri jua kama unasubiri mgeni ni jambo ambalo nilijifunza kwake, na nililipenda.

Lakini jua lilipoinama akavunja tawi, akaanza kufagia nyayo. Zake, zangu, za mbuzi, zote. Alirudi kinyumenyume akifagia hadi kwenye kamera, mchanga ukabaki laini kama hajapita kiumbe tangu dunia iumbwe. Unajua kwetu mtu anayefagia nyayo anafikiriwaje. Mwizi wa mbuzi anafagia nyayo. Na anayezoa vumbi la nyayo za wenzake, huyo simtaji hapa.

Majirani walikuwa wanatazama kutoka nyuma ya ua wa minyaa, Yohane akiwa mbele yao. Hebu fikiri walichokiona. Mgeni mwenye chombo cha miguu mitatu, amefumba jicho moja, ameweka mawe ya alama, na sasa anafuta nyayo. Kwa mtu yeyote aliyekulia huku jibu ni moja tu, mali iliyofukiwa na Wajerumani. Tuliporudi wiki iliyofuata, kila palipokuwa na jiwe la Mudrick palikuwa na shimo la kufika kiunoni. Yohane alikuja kutusalimia mikono akiwa ameificha nyuma kama mwanafunzi, na malengelenge nilikuwa nayaona. Baba yako alishinda siku nzima akifukia mashimo, mbuzi wasivunjike miguu. Mudrick alikaa juu ya jiwe kwa huzuni, maana mandhari yake ilikuwa imegeuka uwanja wa panya buku. Nilicheka hadi nikakaa chini.

Usinione mwerevu. Hata mimi nilishaanza kuamini. Alipokwenda kunawa nilipekua begi lake, nikakuta lenzi, vitambaa, mikanda, na kioo chekundu cha kufunga mbele ya lenzi. Kioo hicho nakijua, mume wangu alikuwa nacho. Nilikirudisha nikiwa nimevunjika moyo kwamba sikuona ramani.

Leo natamani ingekuwa ramani. Angekuwa anatafuta rupia za Wajerumani ningelala usingizi.

Siku ile ile, baada ya mashimo kufukiwa, Mudrick alichagua upande mwingine, ule wa shamba la uwele lililokwisha kuvunwa, linaloteremka kuelekea korongoni. Baba yako alikuwa amesikia kwamba picha zinakwenda mbali. Akaingia ndani, akatoka amevaa koti lake la Jumapili na kofia, akaja kusimama katikati kabisa ya shamba na fimbo yake, mbuzi wamemzunguka. Hakuomba kwa maneno. Alisimama tu wima, kidevu juu, kama unavyosimama ukingoja mlio wa kamera.

Mudrick alichanganyikiwa. Akatoka pembeni na simu, akatuma ujumbe. Jibu lilikuja kwa sauti, na kwa kuwa upepo ulikuwa unavuma aliongeza sauti hadi mwisho. Nilikuwa karibu na gari namimina chai kwenye kikombe. Sauti ikasema: "Hakikisha pasionekane mtu, kaka. Wala mbuzi, wala nyumba, wala ile minyaa. Wakiona watu wataanza maswali. Nataka waone pako wazi kabisa."

Sikuhitaji kuchungulia jina kwenye simu. Sauti hiyo niliisikia ikisoma somo la Krismasi kanisani. Niliisikia ikilia siku tuliyomzika mama yako, na kaburi la mama yako, kama umesahau, liko nyuma ya minyaa ile ile ambayo hutaki ionekane. Chai ilimwagika ikaniunguza kidole, na sikujali.

Nilipoinua macho, baba yako alikuwa ameshakusanya mbuzi wake na kutoka nje ya shamba, upande lilikokuwa jua. Nilidhani amewafuata mbuzi. Mudrick akafagia nyayo, akafunga kioo chekundu, akasubiri, akapiga.

Kusafisha mkanda na kutoa picha tulifanya hapa mchana, pazia limefungwa. Nataka ujue nilichokiona, kwa sababu wewe unaijua kazi hii na utanielewa. Kioo chekundu kinaifanya mbingu iwe nyeusi, na udongo mwekundu kinaufanya mweupe. Karatasi ilipozama kwenye dawa, ile mbingu ikatokea kwanza, nyeusi tii, na wingu moja. Kisha chini yake udongo wa baba yako ukabaki mweupe kama unga wa muhogo, umetulia, hauna kitu. Shamba nililolipalilia nikiwa msichana likageuka jangwa mbele ya macho yangu, ndani ya beseni langu mwenyewe. Na picha ni nzuri mno, Bartolomayo. Hilo ndilo linaloniudhi. Ingekuwa mbaya ningeichana.

Halafu kwenye kona ya kulia, chini, kukatokea alama ndefu nyeusi. Mudrick alidhani ni doa la dawa. Nikaisogeza karibu na taa. Ilikuwa kivuli. Baba yako alikuwa amesimama nje ya picha, lakini jua lilikuwa nyuma yake, na kivuli chake kikaingia chenyewe, kofia, mabega na fimbo.

Mudrick akaniomba niichome kona ile. Unakumbuka namna inavyofanyika: unaikinga karatasi yote kwa boksi, unaiachia kona mwanga zaidi hadi iwe nyeusi yote, na kilichokuwa mle kimezama. Ni kazi ndogo. Nimewachomea watu kona nyingi, nimewafichia vikapu, ndala na watoto wasiotulia. Nikamwambia dawa imeisha nguvu, arudi wiki ijayo. Nilimdanganya. Dawa ilikuwa nzima.

Kisha nikambana. Nilimwuliza mwenye kazi hii ni nani na anataka kuifanyia nini. Hakuzunguka. Akasema ni mtu wa shughuli za utalii huko Arusha, kwamba eneo ni la ukoo wake, na ukoo mzima mmekubaliana. Kuna wageni wanataka mahali pa kuweka kambi, wanataka kulala nchi tupu waone nyota, na wanataka kuona picha kwanza. Wakipapenda wanapachukua pote, hadi korongoni. Na mzee mmoja anayeishi pale ataelezwa baadaye, atahamishiwa nyumba ya bati karibu na barabara.

Nikamwambia mzee mmoja huyo ndiye aliyemzaa mwenye kazi yako. Mudrick alikaa kwenye kiti cha wateja, pale mbele ya kitambaa cha bluu. Halafu akauliza, "Yule mzee wa koti?" Hakujua. Hukumwambia. Nilikuwa nimemshuku kijana wa watu kwa viatu vyake, kwa salamu yake, kwa tawi lake, kumbe yeye alikuwa anafuata maelekezo tu, kama alivyosema: watu tu.

Mwanangu, mimi nikuulize nini? Ukoo mzima umekubaliana lini? Mimi nakaa hapa hapa Dodoma, mtaa wa Kikuyu, kila mtu anajua nyumba yangu, na sikuitwa. Baba yako hakuitwa. Ulikaa ukaona kwamba tukijua tutakataa, kwa hiyo ukaanza na picha? Au wameshakuahidi kitu? Na kwa nini uje kuitolea picha hiyo kwangu, kwenye chumba ulichochezea? Nimeligeuza swali hili siku nyingi. Saa nyingine nawaza ulidhani nimezeeka, sitatambua. Saa nyingine nawaza ulitaka nitambue, nikuzuie, kwa kuwa mwenyewe umeshindwa kujizuia. Sijui ni lipi. La kwanza linaniudhi, la pili linanitia huruma.

Unanijua mimi kwa kushuku. Nilimshuku Gladness kwamba amekuja kukutenga na sisi, na leo ndiye anayenipigia kuuliza goti. Nilimshuku katekista kwa ajili ya mabati, na mabati yakakutwa yote. Nimekosea mara nyingi na kila mara nilikasirika kwa kukosea. Safari hii naomba nikosee. Andika uniambie kwamba sauti ile si yako. Andika kwamba ulitaka kuja kumweleza baba yako kwanza, na Mudrick amewahi tu. Nitakuamini, hata kama itanibidi nijilazimishe.

Lakini kama ni kweli, basi elewa ninachokataa. Ardhi ile ni ya Ernest, baba yako, na yeye yuko hai juu yake. Ungekuja ukakaa naye, ukamwambia baba nina shida, au baba nina mpango, pengine angekupa. Hajawahi kukunyima kitu, na wewe unalijua hilo kuliko mimi. Ila hukumwomba. Ulimtoa kwenye picha. Mkanda ninao mimi, na hapa hautoki mpaka nisikie kutoka kwako. Baba yako hajui lolote na sitaki ajue kupitia kwangu.

Jumapili, Septemba 21.

Barua niliiachia hapo juu kwa sababu barua ya hasira haifai kutumwa siku ile ile. Leo baada ya ibada nimekwenda Hombolo kuchukua salamu zako, maana nisingeweza kukuandikia bila salamu za mzazi.

Yohane anakusalimu sana. Anauliza kama huko Arusha kuna mtu mwenye kipimo cha madini, na nimemwambia akae kimya. Paulina, mke wake, anakusalimu, amejifungua mtoto wa kiume. Anna wa kwaya anakusalimu na anasema sauti ya tatu bado haijapata mtu kama wewe. Wote hawana habari ya jambo hili.

Baba yako nilimkuta nje anasokota kamba ya mbuzi. Nikamwambia, kaka, namwandikia Bartolomayo, nikupelekee salamu gani? Akasokota kwanza kipande kirefu. Akasema, "Mwambie picha ikiwa imeharibika, yule kijana asigombezwe. Mimi ndiye nilichelewa kusogea."

Nikajifanya mjinga, nikamwuliza kusogea wapi. Akanitazama kama anavyonitazama nikiwa nimedanganya, tangu tukiwa watoto. "Nilimsikia, Zipora. Simu ilikuwa inasema kwa nguvu. Nikajua ni yeye, nikatoka nisimharibie kazi."

Bartolomayo, ikabidi nikiri kwake kwamba mkanda nimeuzuia kabatini. Mimi na kushuku kwangu kote, na kuvizia kwangu, nilikuwa nimekaa na siri ambayo mwenyewe ameibeba tangu siku ile, anachunga nayo, anasokota kamba nayo. Hakukusema vibaya hata kwa neno moja. Akaniambia nimpe kijana picha zake, kazi ya mtu isikae kabatini kwangu. Akaendelea na kamba. Nilipoinuka kuondoka akaniita tena, akaniambia salamu zenyewe, na hizi hapa nakuletea kama alivyozisema: sauti yako siku ile aliisikia kama ina mafua. Anauliza kama umepona. Anasema unywe tangawizi na asali, na usiku ujifunike kifua, kwa sababu Arusha kuna baridi na wewe kifua chako ni dhaifu tangu utotoni.

Kwa hiyo mkanda siushikilii tena. Nimekuwekea humu, pamoja na picha niliyoitoa jana kwa ukubwa. Kona sikuichoma. Ukitaka ichomwe, utatafuta mtu mwingine wa kuifanya, au utakuja uifanye mwenyewe, chumba unakijua na funguo ziko palepale. Mudrick nimemweleza, na amesema naye anangoja neno lako.

Msalimie Gladness, mbusu mtoto. Mungu wa babu zako akulinde barabarani na nyumbani, akupe riziki ambayo hutahitaji kumficha mtu ili uipate, na akulete kwa baba yako kabla ya mvua.

Akupendaye bado,

Shangazi yako,
Zipora.